Makorongo Ambayo Setilaiti Haikuyaona: Kisa cha Kuchora Barabara ya Kilomita 23 Wilayani Chamwino

Barabara inayochambuliwa hapa ni ya mlisho, ya udongo, urefu wa kilomita 23.4. Inaiacha lami ndani ya Wilaya ya Chamwino, mashariki mwa Jiji la Dodoma, kisha inaelekea kusini-mashariki hadi kijiji cha mwisho chini ya vilima vya mawe. Majina ya vijiji yameachwa. Kazi iliyotakiwa ilikuwa nyepesi kuitamka: ramani ya ukanda wa barabara kwa kipimo cha 1:10,000, mita 500 kila upande, ili mhandisi ajue aweke wapi karavati (njia ya maji chini ya barabara), wapi drifti (sakafu ya zege ambayo maji hupita juu yake), na wapi anyanyue tuta. Fedha zilitosha vivuko vichache tu, kwa hiyo swali lenyewe lilikuwa hili: maji yanaikata barabara wapi, na ni mengi kiasi gani?

Ramani ya kwanza ilichorwa mezani. Ilikuwa na kontua (mistari ya mwinuko sawa) za mita 5, vivuko 6 na mchoro wa mwinuko unaopendeza macho. Wapimaji walipoitembea barabara yote kwa miguu walihesabu vivuko 19: mito ya mchanga 3, makorongo 7, njia za ng'ombe zilizogeuka mifereji 5, na sehemu za chini kwenye mbuga 4. Kati ya vile 6 vya mezani, viwili vilikuwa mahali ambapo maji hayapiti kabisa. Makosa yaliyozaa tofauti hiyo si ya barabara hii peke yake. Yanajirudia Kongwa, Mpwapwa, Bahi na kwingineko kwenye nchi kavu ya kati.

Nchi yenyewe

Mvua hapa ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hukusanya milimita 500 hadi 600 hivi. Uchache huo unadanganya. Mvua hushuka kwa dhoruba fupi juu ya ardhi iliyokauka, iliyokanyagwa na mifugo, yenye majani machache, na maji mengi hukimbia juu kwa juu badala ya kuzama. Mto wa mchanga uliokuwa mkavu saa nane mchana unaweza kuwa haupitiki saa kumi, na kesho yake asubuhi pikipiki zikavuka tena kama kawaida. Anayepita Agosti haoni maji popote. Anachoona ni mchanga, kingo zilizobomoka na takataka zilizonasa kwenye matawi ya migunga.

Kilomita 6 za kwanza zinapita kwenye udongo mwekundu wa kichanga, na maji yake yanatawanyika bila kusumbua. Kuanzia cheneji 6+000 (kilomita na mita toka mwanzo wa barabara) hadi 8+400 ni mbuga, yaani tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Baada ya hapo ardhi inashuka polepole chini ya vilima, ikiwa imechanwa na makorongo, hadi mto mkubwa wa mchanga kwenye 15+200. Kati ya 17 na 19 kuna kupanda na kushuka kwenye mawe ya matale, kisha mashamba ya mtama na alizeti hadi mwisho. Mifereji yote inaelekea kwenye vijito vinavyolisha Kinyasungwe, yaani bonde la Wami. Magharibi mwa Dodoma mambo ni mengine, kwani huko mto Bubu unaishia kwenye bwawa la Bahi na hautoki.

Mita 300 za karatasi ya zamani

Chanzo cha kwanza cha ramani ya mezani kilikuwa karatasi za mfululizo wa Y742, kipimo cha 1:50,000. Ni karatasi nzuri, na kwa umbo la milima hazijapitwa kirahisi. Ila zimejengwa juu ya datamu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960 na elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke 1880, wakati GPS ya simu au ya mkononi inatoa datamu ya WGS84. Aliyezichanganua aliziingiza kwenye programu ya ramani na kuzitaja kuwa WGS84, UTM (gridi ya mita inayoigawa dunia kwa zoni) zoni 36 kusini. Programu haikulalamika, kwa sababu namba zinafanana kwa sura.

Matokeo yake ni kwamba kila kitu cha kwenye karatasi kilikaa takriban mita 300 kaskazini ya mahali pake, na karibu mita 90 magharibi. Njia iliyorekodiwa kwa GPS juu ya pikipiki ikaonekana inatembea sambamba na barabara ya karatasi bila kuigusa. Hapo ndipo kosa la pili lilipozaliwa, na ndilo baya zaidi: mchoraji aliamini karatasi, akaikokota njia ya GPS hadi ilingane nayo. Pointi zote za vivuko zikahama pamoja. Kivuko cha 3+100 kikaangukia ubavuni mwa kilima cha mawe, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa hesabu.

Dawa inajulikana. Karatasi ichanganuliwe ikiwa imenyooka, iwekwe alama kwenye pembe zake nne na kwenye makutano ya gridi 9 hadi 16 ya ndani, na mfumo wake utajwe kwa usahihi, kwa msimbo wa EPSG ambao programu za ramani huutambua: EPSG:21036 kwa Arc 1960 zoni 36 kusini, EPSG:21037 kwa zoni 37. Baada ya hapo ndipo igeuzwe kwenda EPSG:32736 au 32737, yaani WGS84 ya zoni hizohizo. Vigezo vya kuhamisha datamu kwa Tanzania ni mita −175, −23 na −303 kwenye mihimili ya X, Y na Z. Programu nyingine huchagua yenyewe vigezo vya wastani vya Arc 1960, −160, −6 na −302, na tofauti ya makundi hayo mawili kwa mlalo, sehemu hizi, ni ya mita 6 hivi. Kwa ramani ya 1:50,000 hilo halionekani sana; kwa 1:10,000 linaonekana. Makosa ya kuweka alama yasizidi mita 5 ardhini, ambazo ni sehemu ya kumi ya milimita kwenye karatasi. Yakizidi, karatasi ilikunjwa, au kuna namba ya gridi iliyosomwa vibaya.

Kuhakiki kunataka vitu visivyohama. Barabara haifai, wala mto wa mchanga. Vilivyofaa hapa ni nguzo za upimaji juu ya vilima, madaraja ya Reli ya Kati ya zamani na jengo la kanisa kongwe. Pointi tano zilipimwa kwa GPS na zikaangukia ndani ya mita 15 za mahali pake kwenye karatasi iliyogeuzwa. Kwa karatasi ya 1:50,000 hakuna cha kudai zaidi ya hapo.

Ukingo wa karatasi nao usomwe kabla ya kuchora chochote. Kuna karatasi zenye kontua za futi na nyingine za mita, na karatasi mbili zinazopakana zinaweza zisilingane. Vijiji vyake ni hadithi nyingine. Sehemu kubwa ya Ugogo ilipigwa picha za anga kabla ya Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati kaya zilikuwa zimetawanyika na tembe zao. Watu walihamishiwa vijijini, jina likahama nao, na karatasi ikabaki nalo kulekule. Kwenye barabara hii jina moja liko kilomita 4 kutoka kijiji kinacholitumia leo.

Meridiani ya 36

Zoni za UTM namba 36 na 37 zinakutana kwenye nyuzi 36 mashariki, na mstari huo unapita chini ya kilomita 30 mashariki mwa katikati ya Dodoma. Jiji liko zoni 36. Kongwa na Mpwapwa mjini ziko zoni 37. Barabara hii inauvuka mstari kwenye 9+100. Karatasi za Y742 nazo zinapakana hapohapo, kwa kuwa kila moja inafunika dakika 15 kwa dakika 15.

Kwenye mpaka huo namba ya mashariki inafikia kama 832,000 kwa zoni 36, kisha inaanza upya kwenye 168,000 kwa zoni 37. Mpimaji mmoja aliyebeba GPS iliyojibadilisha zoni yenyewe alinakili namba bila kuandika zoni, na nusu ya pili ya barabara ikachorwa kilomita 660 upande wa magharibi, jirani na milima ya Mahale kwenye Ziwa Tanganyika. Kosa hilo lilirekebishwa kwa dakika tano. Kosa la kilomita 660 halina madhara, kwa sababu kila mtu analiona; la mita 300 ndilo linalojenga karavati pasipo na maji.

Uamuzi uliofaa ni kutumia zoni moja, 36, kwa barabara nzima, hata kwa zile kilomita 14 zilizo ng'ambo ya mstari. Gridi mbili hazikutani zikiwa zimenyooka: zinapishana kwa karibu theluthi mbili za nyuzi moja, ambazo kwa kilomita 10 ni zaidi ya mita 110 ubavuni. Kuunganisha vipande vya zoni mbili kwa kuvisogeza tu hadi vigusane kunaipinda barabara.

Kuna jambo moja ambalo wachoraji wa ramani husahau na wahandisi huligundua wakati wa kulipa mkandarasi. Pembezoni mwa zoni, umbali wa gridi ni mrefu kuliko wa ardhini. Kwa nyuzi 36 na mwinuko wa mita 1,000 hivi, ziada ni karibu sentimita 80 kwa kila kilomita, ambazo kwa barabara hii zinakaribia mita 19. Ndiyo maana cheneji zilipimwa ardhini kwa gurudumu la kupimia, na vigingi vikapigwa kila mita 500. Njia ya GPS ilitumika kwa umbo. Urefu haukuchukuliwa kwenye njia ya GPS, kwani kifaa kikiachwa kinarekodi wakati timu inakunywa chai, pointi huzurura na mamia ya mita hewa huongezeka. Kurekodi kusimamishwe kila pikipiki inaposimama.

Mbuga: kontua zilizozaliwa na kelele

Kontua za mita 5 za ramani ya kwanza zilitolewa kwenye modeli ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, pikseli yake ikiwa na upande wa mita 30 hivi. Lengo la usahihi wa mwinuko wake lilikuwa mita 16. Kiuhalisia inafanya vizuri zaidi ya hapo, lakini bado ni suala la mita kadhaa. Mbuga ya kilomita 2.4 iliyopimwa kwa levo (darubini ya kupimia tofauti za mwinuko) ilionyesha ardhi inashuka mita 3.1 tu toka ukingo hadi ukingo, yaani asilimia 0.13. Modeli yenye mashaka ya mita kadhaa haiwezi kusema lolote kuhusu mteremko wa mita tatu. Ilichochora ni visiwa: vilima vya duara visivyokuwepo, mashimo yasiyokuwepo, na vichaka vizito vya migunga vikihesabiwa kuwa ardhi iliyoinuka. Kontua ya mita 5 kutoka data ya namna hii ni pambo. Mita 20 inaaminika, mita 10 inaweza kudokeza kitu, chini ya hapo ifutwe.

Modeli ilisema sehemu ya chini kabisa ya mbuga ni 6+800. Levo ikasema 7+350. Mita 550 za tofauti! Karavati lililopangwa 6+800 lingekaa kavu, na tuta la barabara lingekuwa bwawa pale 7+350.

Kupima kwa levo kwenye mbuga kunataka nidhamu ya saa. Kuanzia saa nne asubuhi joto linaitikisa picha ndani ya darubini na namba za kwenye fimbo zinacheza. Kazi ilifanyika saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Umbali wa kuangalia ulikuwa mita 50, nyuma na mbele sawa, na mstari wa kuona haukuruhusiwa kushuka chini ya nusu mita kutoka ardhini. Fimbo ilisimamishwa juu ya bamba la chuma: udongo mweusi uliopasuka unadidimia chini ya fimbo bila mtu kujua, na kosa hilo hujikusanya upande mmoja. Mstari ulipimwa kwenda na kurudi ukafunga kwa milimita 14. Kikomo kilichochaguliwa, milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita, kilikuwa milimita 19. Alama za kudumu ziliwekwa kwenye kingo, nje ya mbuga. Kigingi cha zege ndani ya udongo mweusi hupanda na kushuka na misimu, kwa hiyo hakifai kuwa rejea ya mwinuko.

Alama za maji kwenye vigogo vya migunga zilikuwa sentimita 45 juu ya ardhi pale 7+350, zikipungua hadi sentimita 10 mita 600 kila upande. Hii ina maana maji ya mbuga hayapiti kwenye mfereji mmoja, yanatandaza. Karavati moja kubwa katikati lingeyalazimisha yote kubana mahali pamoja na kuchimba udongo upande wa chini. Ramani ya pili ilionyesha matundu manne, kwenye 6+950, 7+200, 7+350 na 7+600, na tuta la kifusi kilicholetwa kutoka nje. Udongo mweusi wenyewe haufai kunyanyulia tuta, hata kama uko palepale na greda linausukuma kwa urahisi.

Korongo la 11+650

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Ramani ya mezani ilionyesha kijito kidogo chenye eneo la kukusanya maji la kilomita za mraba 0.9. Mhandisi alitumia kanuni ya kawaida ya maeneo madogo, Q = 0.278 × C × i × A, ambapo Q ni maji kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayokimbia juu, i ni ukali wa mvua na A ni eneo. Kwa C ya 0.35 na mvua iliyochukuliwa kwa usanifu ya milimita 50 kwa saa ilitoka mita za ujazo 4.4 kwa sekunde. Bomba la zege la milimita 900 linapitisha kati ya mita za ujazo 1 na 1.5 kwa sekunde maji yakiwa yamefika usawa wa kichwa chake, hivyo mabomba manne yalionekana yanatosha.

Ardhini kulikuwa na korongo lenye upana wa mita 7 na kina cha mita 3.5, kingo wima, chini mchanga mpya. Kijito cha kilomita za mraba 0.9 hakichimbi hivyo. Wapimaji walilifuata kwenda juu, kazi ambayo mchoro wa mezani haukuwahi kuidai, na baada ya mita 900 hivi wakakuta kichwa chake kimekula njia ya ng'ombe iliyokuwa ikivuka tuta dogo la asili linalogawa maji. Tuta hilo lilikuwa na kimo cha mita moja na nusu. Njia ilikanyagwa ikawa mfereji, mfereji ukawa korongo, korongo likalitoboa tuta na kuyavuta maji ya bonde la jirani. Eneo halisi lilikuwa kilomita za mraba 3.2, na kwa kanuni ileile ni mita za ujazo 15.6 kwa sekunde. Mabomba manne yangezolewa pamoja na kifusi chake kwenye dhoruba kubwa ya kwanza.

Kwa nini modeli haikuona? Sababu ni mbili. Pikseli ya mita 30 inachukua wastani wa ardhi yote iliyomo ndani yake, hivyo korongo la mita 7 linakuwa mbonyeo usiofika mita moja kwenye namba, na mashaka ya modeli ni ya mita kadhaa. Pili, rada ilipita mwaka 2000. Korongo hili wakati huo lilikuwa fupi zaidi. Wazee wa hapo wanakumbuka kulivuka kwa baiskeli bila kushuka. Modeli ya Copernicus ya mita 30, iliyotokana na rada ya kati ya 2011 na 2015, ni safi kuliko SRTM na inapaswa kuwa chaguo la kwanza leo, lakini upana wa pikseli ni uleule. Anayejua Kondoa, ambako mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kupambana na mmomonyoko na mifugo ikaondolewa 1979 kwenye eneo lililoharibika zaidi, hahitaji kuambiwa kwamba ardhi ya mkoa huu inabadilika ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kichwa cha korongo na tuta lililotobolewa, hekta 38, vilipigwa picha kwa droni baada ya vibali, vikiwemo vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kibali kiombwe mapema, maana msimu hausubiri. Wakati mzuri ni Septemba na Oktoba, nyasi zimeisha na vichaka havina majani, kwa hiyo picha inaona ardhi. Upepo wa miezi hiyo ni mkali, hivyo ndege ziliruka saa moja hadi saa tatu asubuhi, mita 120 juu ya ardhi, picha zikipishana asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Kila pikseli ilikuwa sentimita 3 na ushee. Alama za ardhini zilikuwa 6 za kufungia na 3 za kuhakikia, na zile za kuhakiki zilitofautiana na modeli kwa sentimita 6 za mwinuko. Alama zichorwe kwa chokaa juu ya mwamba. Kipande cha turubai kilichotandazwa saa moja asubuhi hupata mwenyewe mpya kabla ya saa tatu.

Mambo mawili yalileta shida. Kitanda cha mchanga mweupe hakina alama za kutofautisha, programu ikashindwa kuunganisha picha na kutoa mawimbi ya uongo ya nusu mita. Sehemu hiyo ilipimwa tena kwa RTK (GPS ya usahihi wa sentimita), mikato ya kila mita 20. Kingo wima zinazotazama magharibi nazo zilijaa kivuli saa za asubuhi. Na mwinuko: droni na RTK hutoa urefu juu ya elipsoidi, ambao hapa uko zaidi ya mita kumi chini ya ule wa usawa wa bahari. Mtu akichanganya mikato ya RTK na kontua za karatasi bila kusahihisha tofauti ya elipsoidi na jioidi (usawa wa bahari), atapata genge pale data mbili zinapokutana, na barabara itaonekana inaruka.

Uamuzi haukuwa kuongeza mabomba. Mita 180 chini ya kivuko cha zamani korongo linatanuka hadi mita 14 na kingo zinashuka hadi mita 1.1. Nondo ya milimita 16 iliyopigwa kwa nyundo kila mita 2 ikagonga mwamba kwenye kina cha wastani wa sentimita 40. Hapo drifti ya zege inawezekana, ikishikwa na mwamba, maji yapite juu yake. Barabara inaongezeka mita 230. Kivuko kitafungwa saa chache kwa dhoruba, na wananchi walielezwa hivyo mapema. Karavati linaloahidi kupitika mwaka mzima kisha likazolewa linawafungia miezi.

Kila kivuko kati ya vile 19 kilijaziwa fomu ileile: cheneji, upana toka ukingo hadi ukingo, kina, alama ya juu ya maji na inavyothibitishwa, kilichopo kitandani, mwelekeo wa maji, kilichojengwa na hali yake, picha moja ya juu na moja ya chini. Fomu isiyo na picha ya upande wa chini ni nusu fomu, maana uharibifu wa kivuko huanzia huko.

Vilima vya 17 hadi 19

Hapa kosa lilikuwa la kulainisha. Mchoro wa mezani ulitoa mteremko mkubwa kabisa wa asilimia 7. Klinomita (kipima mteremko), ikipigwa mtu kwa mtu wa kimo kimoja, ilisoma asilimia 13 kwa mita 140 mfululizo. Mwinuko wa GPS ya simu usitumike kutafuta mteremko, hata kwa makadirio.

Kuwauliza wenyeji

Swali la "maji hufika wapi?" huleta jibu la mkono ulioinuliwa juu, na mkono huinuka kadiri mgeni anavyoonekana ana fedha. Lililofanya kazi ni swali lenye mwili: "Mzee, mwaka ule yalipojaa sana, ulikuwa umesimama wapi, na yalikufika gotini au kiunoni?" Kisha anasimama mahali pale, na fimbo inasomwa. Madereva wa bodaboda wanajua siku ambazo hawakuvuka. Mama anayeuza uji kwenye kivuko cha 15+200 alitaja masaa ya kufunguka kwa usahihi uliolingana na maelezo ya watu wengine watatu waliohojiwa mbali naye. Majina nayo yaulizwe kwa ukamilifu, kwa sababu sehemu hizi jina moja lina wenyewe kadhaa: Mvumi Misheni na Mvumi Makulu ni mahali pawili. Tahajia iliyoandikwa kwenye ramani ni ile inayotumiwa na serikali ya kijiji kwenye muhuri wake, na jina la karatasi ya zamani likawekwa kwenye jedwali la pembeni.

Kilichokabidhiwa

Karatasi nane za 1:10,000 zenye kontua za mita 10 kwa ujumla, mita 1 ndani ya hekta 38 za korongo, na mbuga ikiwa bila kontua kabisa: imewekewa mwinuko wa levo kwa pointi na mstari wa alama ya maji. Mwenye mradi aliuliza kwa nini mbuga ni tupu. Jibu lilikuwa kwamba namba 49 za levo zilizopo pale zinabeba habari zaidi kuliko mistari iliyokuwepo kwanza. Kila karatasi inataja pembeni datamu, zoni, chanzo cha mwinuko na mwaka wa kila data, kwa sababu karatasi husafiri bila aliyeichora.

Kwenye kichwa cha korongo la 11+650 vimepigwa vigingi vya chuma kwa mita 10, 20 na 30 kuelekea juu, na vitatu kila ubavu. Umbali toka kigingi cha kwanza hadi ukingo upimwe kwa tepu kila Juni, mvua zikiwa zimekwisha na kabla mifugo haijarudisha njia mpya. Kigingi cha mita 10 kikianguka, eneo la maji lihesabiwe upya kabla ya kufanya matengenezo yoyote kwenye drifti, kwani juu ya kigingi cha mita 30 kuna tuta lingine la kugawa maji, na njia ya ng'ombe imeshaanza kulivuka.